Kiti cha Mizani

Siku Chediel aliporudi kiwandani kuomba kazi yake, alivaa suruali aliyoazima kwa mdogo wake na viatu vya kamba, vyote viwili, akatembea kutoka barabarani mpaka getini bila kushika ukuta. Mkewe, Eliza, alimfuata kwa nyuma. Alikuwa amebeba magongo ya mumewe, ameyaviringisha ndani ya kitenge kama mzigo wa kuni, ili kama ule mguu wa bandia ungegoma njiani, watu wasijue mapema. Haukugoma. Ng'ombe wa nyumba ile waliuzwa wote ili upatikane, mke na mume wakaenda kuufuata Dodoma, na tangu waliporudi Chediel alikuwa akiufanyia mazoezi uani kwao Kinampanda mpaka nyama inachubuka. Akimaliza anaosha kidonda kwa maji ya chumvi, anasubiri kikauke, anauvaa tena.

Kiwanda kilikuwa pembeni mwa mji wa Kiomboi, banda refu la mabati lenye mashine mbili za kukamua alizeti. Chediel alikuwa mwendesha mashine pale tangu enzi za mashine moja. Mwenye kiwanda, Urbano, alipomwona anaingia kwa miguu yake alitupa kalamu mezani akamkimbilia.

"Chedi! Umesimama!"

"Nimesimama, bosi."

"Shemeji, hebu niambie, huyu ndiye tuliyemlilia hospitali?" Urbano alicheka, macho yamemlowa kweli. Akaagiza soda. Akamzungusha Chediel kama mtu anayeangalia baiskeli mpya, akagonga ule mguu kwa kidole juu ya suruali, akacheka tena. Wafanyakazi wakaja kusalimia. Eliza aliketi kwenye benchi na soda yake akaanza kuamini kwamba mambo yamekwisha.

"Nimekuja kazini," alisema Chediel watu walipotawanyika.

Urbano alitazama sakafu ya banda, nyeusi kwa mafuta.

"Chedi, sakafu hii unaijua kuliko mimi. Mwenye miguu miwili anateleza. Siku ukiteleza wewe, mkanda ukakukamata, nitamwambia nini mke wako huyu? Na wakaguzi wakija, swali la kwanza wataniuliza, ulimwajiri huku unamwona? Nitafungwa mimi."

"Nimelifikiria hilo. Basi nipe mizani."

"Mizani?"

"Mzee Isaka ameacha, umeniambia mwenyewe kwenye simu. Kupima magunia ni kazi ya kukaa. Kiti, meza, mizani. Hapo nitateleza nini?"

Eliza aligundua kwamba Urbano hakuwa anautazama mguu. Alikuwa anatazama getini, ambako wakulima wawili walikuwa wamesimama na mkokoteni wao, wanachungulia ndani.

"Nipe muda nifikirie," alisema. "Soda iko wapi? Mbona hunywi soda?"

* * *

Alifikiria mpaka Jumapili. Watu walikuwa wametoka kanisani, Eliza anasonga ugali, gari la Urbano likaingia uani. Alishuka na sukari na dumu la mafuta, akavipeleka mwenyewe jikoni kama ndugu, kisha akaketi na Chediel kivulini mwa nyumba. Wakaongea habari za mvua, za bei ya alizeti, za Witness, mtoto wao wa pekee aliyekuwa kidato cha pili huko hosteli. Eliza alisikiliza yote kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"Nimeona nyumba hii haiwezi kukaa hivi hivi," Urbano alisema hatimaye. "Wewe ni mtu wangu. Kwa hiyo nimesema, shemeji aje."

"Aje wapi?" aliuliza Chediel.

"Kiwandani. Kupepeta alizeti, kujaza mashudu kwenye viroba. Wanawake wapo, hatakuwa peke yake. Mshahara kila mwisho wa mwezi, sichelewi, unanijua."

Eliza alitoka jikoni. Alitaka kusema kwamba yeye hakuomba kazi, aliyeomba ni huyu hapa. Alitaka kusema kwamba mashudu yanabebwa mgongoni na mizani inakaliwa. Lakini mumewe alimtangulia.

"Aanze lini?"

"Hata kesho."

"Ataanza kesho," Chediel alisema. Kisha, kama mtu aliyekumbuka adabu, akamgeukia mkewe. "Umesikia, mama Witness? Mshukuru bosi."

"Asante, bosi," alisema Eliza. Tangu aolewe alikuwa akimwita Urbano shemeji. Urbano naye alilisikia neno hilo jipya, akayakwepa macho yake.

Chediel alimsindikiza mgeni mpaka kwenye gari, akijitahidi asichechemee. Eliza alimsikia akiuliza kwa sauti ya chini, "Na mizani?"

"Mizani bado, Chedi. Wewe endelea na mazoezi tu."

Mumewe alirudi uso umenawiri. Alikula ugali wote. "Umemsikia?" alisema. "Hakukataa. Amesema niendelee na mazoezi." Na Eliza alipojaribu kusema kitu, alimkatiza. "Nenda tu. Hosteli haiulizi ada imeletwa na baba au na mama."

* * *

Siku ile ile ya kwanza Eliza alikuta mizani ina mtu. Alikuwa kijana anaitwa Frank, mtoto wa dada yake mke wa Urbano, ametoka Singida mjini baada ya kukosa kazi. Hakuwa kijana mbaya. Aliwaamkia wakubwa wote shikamoo, alipima vizuri, gunia lisipokuwepo alichezea simu. Alikuwa amekalia kiti cha mbao chenye mto, kivulini, na kwa siku nzima kitu pekee alichokinyanyukia kilikuwa chakula cha mchana.

Jioni Chediel aliuliza, "Mizani vipi, bado haijapata mtu?"

Eliza alikuwa anavua viatu, vumbi la mashudu limemjaa kwenye nyusi. Alisema, "Bosi anapima mwenyewe." Aliona ni uongo mdogo, wa siku moja au mbili mpaka apate namna ya kumwambia. Lakini kesho yake mumewe alikuwa ametembea mpaka kisimani na kurudi, na keshokutwa mpaka shuleni, na kila jioni alimpokea na maji ya kuoga na swali lile lile. Namna haikupatikana. Neno dogo likageuka mzigo anaoubeba kwenda na kurudi.

Alivumilia hadi mavuno yalipokolea na magunia yakaanza kupanga foleni. Ndipo siku moja, wenzake wakiwa wamekwenda kula, alimfuata Urbano kwenye ofisi yake ndogo.

"Bosi, samahani. Nataka kuuliza neno moja. Ulimwambia mume wangu aendelee na mazoezi. Anaendelea mpaka anatoka damu. Na mizani ulishampa mtu. Ile sakafu yenye mafuta nimeielewa. Kiti je? Kwenye kiti unaogopa nini?"

Urbano alifunga mlango. Alikaa, akasimama, akakaa tena.

"Shemeji, nikikwambia utanicheka."

"Sitacheka."

"Mashine ya pili ilifika juma lile lile alilogongwa Chedi. Unakumbuka? Mimi nilikuwa sikumbuki. Watu ndio walionikumbusha. Wanasema nilikwenda kwa mganga nikaambiwa nitoe kitu. Wanasema nilitoa mguu wa mtu wangu nikapata mashine." Alijipangusa uso. "Nilidhani yataisha. Mwaka jana wateja wengi wa upande wa Mkalama hawakuja, walipeleka kwingine. Mwaka huu ndiyo wameanza kurudi. Sasa nimkalishe mlangoni, kila anayeleta gunia apokewe na mguu ule? Watasema nimemweka pale alinde mali. Watasema mashine inamtaka karibu. Nitafunga kiwanda, na wewe utarudi nyumbani, na hawa wote."

"Lakini si kweli."

"Si kweli. Mungu anajua si kweli. Niliuza shamba la baba kununua mashine ile."

"Sasa kwa nini hukumwambia yeye?"

"Nimwambieje?" alisema Urbano. "Hebu niambie wewe. Nimwambieje mtu neno kama hilo?"

Eliza alirudi kwenye mashudu yake, na jioni mumewe alipouliza, alisema bosi anapima mwenyewe.

* * *

Aliyemwambia Chediel ni Jenifa, jirani, wala hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ametoka kukamua alizeti yake, akapita kumsalimia, akasema yule kijana wa mizani ana heshima sana, amesoma wapi?

Ilikuwa siku ya mnada. Uwanja wa kiwanda ulikuwa umejaa mikokoteni na pikipiki za miguu mitatu, na mashine zote mbili zilikuwa zinanguruma, hata Eliza hakusikia mumewe anashuka kwenye bodaboda. Alimwona tu tayari yuko ndani ya geti, suruali ile ile ya kuazima, anatembea taratibu kati ya magunia mpaka mbele ya mizani.

"Shikamoo, mzee," Frank alisema.

"Marahaba, kijana. Umeanza lini hapa?"

"Tangu msimu uanze."

Chediel aliitikia kwa kichwa. Kisha akageuza shingo, akamtafuta mkewe kati ya wanawake wa mashudu, akampata. Hakukasirika. Eliza angefurahi kama angekasirika. Alimtazama kama mtu anayesoma tangazo kwa mara ya pili, kuona kama alikosea mara ya kwanza.

Ndipo Eliza akaona watu wamenyamaza. Mtu mmoja kwenye foleni alisema, "Ndiye huyo." Mwingine akasema, "Ameletwa." Mwanamke mmoja mnene, Stumai, mfanyabiashara wa alizeti kutoka Kinyangiri aliyekuwa na mzigo mkubwa kuliko wote siku ile, aliwaambia vijana wake wa kubeba, "Rudisheni magunia yangu kwenye gari." Vijana wakasita. "Nimesema rudisheni." Mkulima aliyekuwa nyuma yake naye akashika kamba za mkokoteni wake. Na mwingine.

Urbano alitoka ofisini mbio, akamwona Chediel, akasimama pale pale. Waliokuwa kwenye mashine wakazizima.

"Ndiye nani?" Chediel aliwauliza. "Mimi ni nani?"

Alirudia, na Stumai ndiye aliyesema, tena kwa upole. "Baba, sisi tunakuonea uchungu tu. Mguu wako tunajua ulikokwenda."

"Ulikwenda wapi?"

Stumai alinyoosha kidevu kuelekea mashine ya pili.

Chediel alifuata kile kidevu. Eliza aliona uso wa mumewe unaelewa, polepole, kitu kimoja baada ya kingine: soda, sukari, sakafu ya mafuta, mazoezi. Alifikiri ataanguka. Hakuanguka. Aliketi juu ya gunia, akakunja suruali mpaka gotini mbele ya wote, ule mguu wa plastiki ukaonekana na mikanda yake.

"Sikilizeni," alisema. "Lori lilitugonga. Nilikuwa nakwenda huko kwenu Kinyangiri kumzika baba yangu mdogo. Mwenye pikipiki alikufa, mimi nikakatwa mguu hospitali. Ilikuwa saa tano asubuhi, watu walikuwepo, waulizeni. Huyu bwana," akamwonyesha Urbano, "ndiye aliyenibeba kwa gari lake. Damu yangu iko kwenye kiti cha gari lake mpaka leo. Hakunitoa popote."

Baadhi ya watu waliitikia kwa vichwa. Mzee mmoja alisema, kweli, ajali ile aliisikia. Lakini Stumai alikuwa mtu wa biashara, hakuwa wa kuyumbishwa haraka.

"Sawa, tumekusikia," alisema. "Basi nielimishe. Umemfanyia kazi miaka yote. Kama mkono wake ni msafi, kwa nini hakukurudisha? Kiti hicho hapo, cha kukaa tu. Anaogopa nini kukuona kila siku?"

Uwanja mzima ukamgeukia Urbano.

Frank, maskini, alikuwa ameshanyanyuka. Labda ni adabu tu, kama kijana anavyompisha mkubwa. Kiti kikabaki kitupu, na mto wake, na watu wote wakakiona kitupu. Eliza alikuwa ameshika kiroba kwa mikono miwili. Sema, aliomba moyoni. Sema tu, Chedi njoo ukae. Neno lenyewe ni fupi. Urbano alitazama kiti, akatazama magunia ya Stumai yaliyokuwa nusu chini, nusu garini. Akafungua mdomo. "Mimi," alisema. "Mimi..."

Chediel alimsubiri. Alimsubiri muda ambao mtu yeyote mwenye haki angesubiri. Kisha akamtazama mkewe, vumbi la mashudu mpaka kwenye kope, akaanza kushusha suruali yake.

"Aliniita," alisema. "Mimi ndiye niliyekataa."

"Ulikataa?" Stumai alishangaa.

"Nilikataa. Alikuja mpaka nyumbani na gari, majirani walimwona, akanibembeleza. Nikamwambia nimechoka kazi. Mke wangu ana nguvu, amchukue yeye."

Kwanza watu hawakuelewa. Kisha mmoja wa vijana wa kubeba alicheka puani, na kicheko kikasambaa. "Kumbe analelewa!" "Mke anabeba viroba, mzee anapunga upepo!" Hata yule mzee aliyeisikia ajali alicheka. Stumai alitikisa kichwa akicheka, akamwambia Eliza kwa sauti kubwa, "Pole, mama, huo ndio ulemavu wenyewe." Kisha akawageukia vijana wake. "Shusheni magunia. Tumepoteza muda wa bure hapa."

Mashine zikawashwa.

* * *

Urbano alimkimbilia getini. Alikuwa ameshika noti mkononi bila kuzihesabu, anazisukuma kwenye mfuko wa shati la Chediel. Chediel aliitoa ile mikono taratibu.

"Usinipe kitu, wanaangalia," alisema. "Mke wangu tu asiguswe kwenye kazi."

"Hataguswa. Chedi, wallahi..."

"Rudi ndani, bosi. Una wateja."

Eliza alimkuta jioni amekaa kizingitini. Maji ya kuoga alikuwa ameyaweka kama kawaida. Alipiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, baba Witness. Nilishindwa kukwambia."

"La mizani?"

"La mizani. Na lile jingine."

"Lile la mashine ulilijua?"

"Nililijua."

Mbuzi wa Jenifa waliingia uani wakatoka.

"Mimi nilidhani tatizo ni mguu," alisema. "Nilisema nikipata mguu, hawatakuwa na neno. Ningejua, ng'ombe wangekuwepo."

"Sirudi pale tena," Eliza alisema akilia. "Siwezi kumtazama yule mtu. Wala wale."

"Utarudi." Hakupaza sauti. "Usiporudi, nimesema vile kwa ajili ya nini?"

Alirudi. Biashara ya Urbano ilikaa vizuri msimu ule kuliko misimu yote. Habari ya kafara ilikufa. Nyingine tamu zaidi ilikuwa imepatikana. Chediel alikwenda kuomba kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kiomboi, mwenye duka akamsikiliza vizuri, kisha akauliza, wewe si ndiye uliyekataa kazi ya Urbano? Akasema anatafuta mtu mwenye moyo wa kazi. Alikwenda kwa mwenye stoo ya mahindi, naye alikuwa ameshasikia. Baada ya hapo hakwenda tena. Kanisani walianza kukaa viti vya nyuma. Witness alipofunga shule alikuja na maneno aliyoyasikia kwenye basi, akawa anamjibu baba yake kwa mkato, na baba yake hakumkaripia.

Mwisho wa msimu kiwanda kilichukua mwanamke mpya wa kusaidia mashudu, binti mchangamfu anaitwa Anastazia. Siku yake ya pili tu, wakiwa wanashona viroba, alimsogelea Eliza.

"Dada, usinichukie kwa kuuliza. Eti ni kweli mumeo aliitwa hapa, akapewa na kiti, akakataa?"

Wenzao waliacha sindano hewani. Urbano alikuwa anapita na fundi wake. Alisikia, akasimama, amewapa mgongo.

Eliza angeweza kusema kweli. Bosi mwenyewe alikuwepo, angekana wapi? Eliza aliufikiria mdomo wa Stumai, na magari ya Mkalama yakigeuza njia, na mlango wa hosteli. Akamfikiria mumewe pale juu ya gunia, anashusha suruali.

"Ni kweli," alisema. "Alikataa mwenyewe."

"Jamani, wanaume!" alisema Anastazia. "Na wewe unamvumilia?"

"Namvumilia," alisema Eliza, akapitisha uzi.